Wimbo Mmoja, Santuri Nyingi: "St. Louis Blues" na Swali la Matini katika Fasihi Simulizi

Katika idara nyingi za Kiswahili nchini, wimbo hufika mbele ya mwanafunzi ukiwa umekwisha kuvuliwa sauti. Huwa ni beti tatu au nne zilizopigwa chapa kwenye karatasi ya mtihani, na chini yake maswali: bainisha aina ya wimbo huu, taja tamathali tatu za usemi, eleza hali ya nafsineni. Hata mtafiti wa uzamili aliyekwenda nyanjani na kinasasauti aghalabu hurejea akayanukuu maneno, akayatia katika kiambatisho cha tasnifu, kisha kanda akaisahau sandukuni. Uchambuzi wote hujengwa juu ya kiambatisho hicho. Mahadhi, kasi, pumzi ya mwimbaji, ala, vigelegele vya hadhira na hata jina la fanani huwekwa kando kama makapi, ilhali hakuna mhadhiri ambaye hajawahi kuwaambia wanafunzi wake kwamba fasihi simulizi huishi katika utendaji.

Makala haya yanashikilia kwamba mazoea hayo yana kasoro ya msingi, na kwamba santuri, kanda na rekodi za aina nyingine ndizo matini zinazostahili kuchambuliwa, maneno ya karatasini yakiwa msaidizi tu. Mfano utakaotumiwa unatoka mbali, Marekani, katika enzi ya kuchipuka kwa jazi. Umechaguliwa kwa sababu moja: ni nadra kupata wimbo ambao karatasi yake ya kwanza ipo, maelezo ya mtunzi wake yapo, na rekodi zake zimehifadhiwa kwa mfuatano wa miaka, hata msikilizaji akaweza kuishika karatasi mkono mmoja na santuri mkono wa pili. Wimbo wenyewe ni "St. Louis Blues" wa William Christopher Handy, uliochapishwa mjini Memphis, katika jimbo la Tennessee, mwaka 1914.

Handy alizaliwa Florence, jimboni Alabama, mwaka 1873, miaka minane baada ya utumwa kukomeshwa kisheria nchini humo. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa aliyeziona ala za muziki wa kidunia kuwa vyombo vya shetani. Katika tawasifu yake ya mwaka 1941, Father of the Blues, Handy anasimulia kwamba aliponunua gita kwa akiba ya utotoni mwake, mzee alimwamuru alirudishe dukani na badala yake achukue kamusi. (Wanafunzi wa isimu wataamua wenyewe kama mzee huyo alikosea.)

Kisa cha kutungwa kwa wimbo huu chafaa kuelezwa kwa urefu kidogo. Handy anasimulia kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1890, akiwa kijana asiye na kazi wala senti mfukoni, alijikuta katika mji wa St. Louis akilala juu ya mawe ya gati la mto Mississippi. Usiku mmoja akamwona mwanamke akipepesuka barabarani, akimlalamikia mume aliyemwacha na kuulinganisha moyo wake na jiwe lililotoswa baharini. Mwanamke huyo hana jina katika masimulizi hayo. Yapata miaka 20 baadaye Handy, sasa kiongozi wa bendi mjini Memphis, alikodi chumba katika mtaa wa Beale, mbali na kelele za watoto wake, akakesha akiandika. Tashbihi ya yule mwanamke ikaingia katika wimbo na kuwa mojawapo ya sehemu zake zinazokumbukwa zaidi.

Umbo la wimbo lina mambo mawili yanayostahili kutajwa. Sehemu yake kubwa imejengwa kwa ubeti wa bluzi: mshororo wa kwanza huimbwa, hurudiwa karibu ulivyo, kisha wa tatu huujibu. Hilo ni umbo ambalo Weusi wa kusini mwa Marekani walikuwa wakiliimba kabla Handy hajashika kalamu, naye hakukana. Alichoongeza ni ufundi wa mpangaji muziki, na hasa mdundo wa tango aliouingiza katikati. Tango hii si ile ya kachumbari. Ni densi iliyokuwa ikivuma miaka ile, ambayo Handy aliamini kuwa mdundo wake una asili ya Kiafrika. Hayo yote yamo karatasini. Mchambuzi wa maneno na nota angeweza kuishia hapo na kuandika sura nzima ya tasnifu. Masikitiko ya mke aliyeachwa, tashbihi ya jiwe, takriri ya mshororo wa kwanza, kazi imekwisha.

Santuri zinasema vingine. Ya kwanza haikuwa na neno hata moja. Mnamo Desemba 1915 bendi ya Charles Prince iliurekodi wimbo huu kwa ajili ya kampuni ya Columbia kwa ala tupu, uwe muziki wa densi. Aliyeinunua santuri hiyo na kucheza nayo sebuleni kwake hakuwa na njia ya kujua kwamba ndani yake kuna mwanamke anayelia. Mwaka 1920 Marion Harris, mwimbaji Mzungu, akaurekodi kwa maneno. Mwaka huohuo Mamie Smith, Mmarekani Mweusi, alirekodi "Crazy Blues", na mauzo ya santuri hiyo yakayafunza makampuni kwamba Weusi nao hununua santuri na wangependa kuwasikia waimbaji wao wenyewe. Mlango huo ndio aliopitia Bessie Smith.

Tarehe 14 Januari 1925, mjini New York, Bessie Smith aliurekodi "St. Louis Blues" akiwa na wapigaji wawili tu. Mmoja alikuwa Louis Armstrong, kijana wa miaka 23, aliyepuliza koneti, yaani tarumbeta fupi. Wa pili alikuwa Fred Longshaw aliyepiga harmonia, ala ya mvukuto isiyo ngeni masikioni mwa wapenzi wa taarabu ya Mombasa. Hakukuwa na ngoma. Columbia ilikuwa bado haijaanza kurekodi kwa maikrofoni za umeme. Mwimbaji alielekeza sauti yake kwenye pembe kubwa iliyoipeleka hadi kwenye sindano, na asiye na kifua asingesikika.

Kasi ni ya pole mno. Kila Bessie anapofikia mwisho wa kishazi na kuvuta pumzi, koneti ya Armstrong huingia kulijaza pengo, wakati mwingine ikimwunga mkono, wakati mwingine ikimjibu kama mtu aliye na maoni yake juu ya ndoa hiyo. Harmonia hudumisha sauti yake chini yao kama kinanda cha kanisani katika ibada ya mazishi. Mdundo wa tango, ambao Handy aliuwekea matumaini makubwa, umemezwa na kasi hiyo ya pole. Jambo la muhimu zaidi ni kilichoachwa. Karatasi ya 1914 ina beti nyingi zaidi: mwanamke anakwenda kwa mtabiri kuaguliwa bahati yake, na mbele zaidi kuna utani na chuku za kumsifu mwanamume mwenyewe. Santuri za wakati ule zilibeba dakika tatu na kidogo kwa kila upande. Bessie alipokwisha kuimba kwa kasi yake, nafasi ya utani haikuwapo.

Kwa hiyo msomaji wa karatasi ana wimbo unaoanza kwa kilio na kuishia karibu na mzaha. Msikilizaji wa santuri ya 1925 ana ombolezo tupu, lisilo na mahali pa kutabasamu. Mtahini akiuliza "bainisha aina ya wimbo huu", majibu mawili tofauti yatakuwa sahihi, na tofauti hiyo haikuletwa na mtunzi.

Karibu miaka mitano baadaye, Desemba 1929, Armstrong yuleyule aliurekodi tena, safari hii akiongoza bendi kubwa. Tango inarudi mwanzoni, kisha bendi inashika mbio na tarumbeta inapaa juu ya wote. Huu ni wimbo wa kuchezwa. Katika mwaka huohuo Bessie alionekana katika filamu fupi ya Dudley Murphy iliyopewa jina la wimbo, filamu pekee aliyopata kuigiza. Ameegemea kaunta ya kilabu, glasi ya pombe mbele yake, naye anaanza kuimba peke yake. Wanywaji waliomzunguka, ambao ni kwaya ya Hall Johnson, wanaupokea na kuuitikia. Filamu hiyo ina kasoro zake, hasa namna inavyowachora Weusi kuwa wacheza kamari na wapigaji wa wanawake. Hata hivyo, mwanafunzi wa fasihi simulizi atakayeitazama atauona uhusiano wa fanani na hadhira kwa uwazi ambao si rahisi kuupata katika kitabu. Uchungu wa mtu mmoja unageuka kuwa wa kilabu kizima.

Rekodi nyingine zaweza kupitiwa upesi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia bendi ya jeshi la anga iliyoongozwa na Glenn Miller iliugeuza wimbo kuwa mwendo wa gwaride, kilio cha mke aliyeachwa kikawa cha kuwapangia askari hatua. Mwaka 1954 Armstrong alitoa albamu nzima ya nyimbo za Handy. Kwa kuwa santuri za muda mrefu zilikuwa zimekwisha kuvumbuliwa, "St. Louis Blues" ulipewa takriban dakika tisa. Velma Middleton aliuimba kwa kuongeza maneno ambayo hayamo katika karatasi yoyote ya Handy, na ucheshi uliokosa nafasi mwaka 1925 ukarejea kwa wingi. Handy alikuwa hai, umri wake miaka 80, macho yake yamepofuka. Aliusikia kwa masikio tu wimbo ambao yeye aliutoa kwa maandishi.

Albert Lord, katika kitabu chake The Singer of Tales cha mwaka 1960, alidai kutokana na utafiti wake miongoni mwa waimbaji wa tendi wa Yugoslavia kwamba kila utendaji ni kazi asilia, na kwamba kuutafuta utendi wa asili nyuma ya tendaji mbalimbali ni kukimbiza kivuli. Wanafunzi wengi wa Kiswahili wamekutana na wazo hilo. Ajabu ni kwamba hulikubali katika sura ya nadharia, kisha katika sura ya uchambuzi wakarudi kwenye maneno yaliyonukuliwa mara moja kana kwamba ndiyo msahafu.

Kuna pingamizi moja zito. Baadhi ya wataalamu hushikilia kwamba santuri si fasihi simulizi kwa kuwa huugandisha utendaji. Hadhira haiwezi kumjibu fanani, wala fanani hawezi kubadili kasi akiona watu wamechoka. Hoja hiyo ina ukweli, na mipaka ya dakika tatu iliyotajwa juu yaonyesha jinsi mashine ilivyoshiriki kuikata matini. Hata hivyo, santuri hugandisha tukio moja tu, haiugandishi wimbo. Rekodi ya Bessie haikumzuia Armstrong kuugeuza wimbo mwaka 1929, wala ya 1929 haikumzuia yeye mwenyewe kuugeuza tena mwaka 1954. Karatasi pia hugandisha, tena hugandisha kidogo zaidi ya kile kilichokuwapo. Anayeikataa santuri kwa sababu haina hadhira, kisha akaridhika na karatasi isiyo na hadhira wala sauti, ana kazi ya kueleza.

Suala hili si la kinadharia pekee. Mazoea ya kuiona karatasi kuwa ndiyo wimbo yamewalisha baadhi ya watu na kuwanyima wengine. Handy alilijua hilo mapema: wimbo wake wa awali, "Memphis Blues" wa 1912, aliuuza haki zake kwa dola 50, wengine wakavuna. Ndiyo sababu alipoandika "St. Louis Blues" aliuchapisha mwenyewe kupitia kampuni aliyoianzisha na Harry Pace, akabaki na haki zake. Kwa mtu Mweusi katika Marekani ya wakati ule, hilo lilikuwa jambo kubwa. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1909 ilimpa mwenye utunzi senti 2 kwa kila santuri iliyotengenezwa. Mwimbaji haikumpa kitu. Bessie Smith alilipwa na kampuni ada ya kila upande wa santuri, bila mrabaha. Alifariki mwaka 1937 kufuatia ajali ya gari huko Mississippi, na kaburi lake likakaa bila jiwe lenye jina hadi mwaka 1970. Sheria ya shirikisho ya Marekani ilianza kuilinda sauti iliyorekodiwa mnamo Februari 1972, tena kwa rekodi mpya tu; za kale zilitambuliwa kwa sheria ya mwaka 2018. Kwa mujibu wa sheria hiyo, rekodi zilizotolewa mwaka 1925 ziliingia katika miliki ya umma tarehe 1 Januari 2026. Santuri ya Bessie imekuwa mali ya kila mtu bila yeye kuwahi kuhesabiwa kuwa mwenyewe.

Na yule mwanamke wa barabarani? Haingefaa kumfanya Handy kuwa mwizi. Ni yeye mwenyewe aliyekisimulia kisa hicho, na asingekisimulia kusingekuwa na wa kumkumbuka. Lakini tashbihi iliyoubeba wimbo ilikuwa ya fanani ambaye hakuandika. Mwaka 1938 mpiga piano Jelly Roll Morton aliandika barua kali katika jarida la Down Beat, akimpinga Handy na kudai kwamba yeye Morton ndiye aliyeianzisha jazi. Mabingwa hao wawili walikuwa wakigombania ubaba. Mama hakutajwa na yeyote.

Kwa msomaji wa Kiswahili mkasa huu una mwangwi wa karibu. "Malaika" ulirekodiwa na Fadhili William jijini Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960, kisha ukavuka mipaka kwa sauti za Miriam Makeba, Harry Belafonte, Boney M na Angélique Kidjo. Kwa miongo mingi mjadala umekuwa mmoja: nani aliutunga? Adam Salim ni miongoni mwa waliodai kuwa wake, na hata Fadhili alipofariki mwaka 2001 mgogoro huo haukuzikwa naye. Swali hilo ni halali, hasa pesa zinapohusika. Ila limelimeza swali jingine ambalo wanafasihi ndio wangepaswa kuliuliza. Nafsineni katika maneno ya "Malaika" ni kijana wa kiume aliyeshindwa kuoa kwa ukosefu wa mali. Anapoimba Makeba, mwanamke ambaye Kiswahili si lugha yake ya kwanza, nani anamlilia nani? Ufukara wa mahari unabaki kuwa mada, au unageuka kuwa huzuni ya jumla ya mpenzi yeyote? Maneno ni yaleyale. Jibu limo katika rekodi, na haliwezi kupatikana kwa kuyasoma maneno hayo mara mia.

Mfano ulio mzito zaidi ni wa Siti binti Saad. Mwaka 1928, miaka mitatu baada ya Bessie kusimama mbele ya pembe ile, Siti na wenzake walivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay kuirekodia kampuni ya His Master's Voice. Wanafunzi wa Kiswahili humfahamu kupitia Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert, na wanaweza kujadili bila kusita maudhui ya utu, bidii na nafasi ya mwanamke katika kitabu hicho. Ni wangapi kati yao wamewahi kuisikia sauti yenyewe? Kitabu ni cha Shaaban. Siti mwenyewe hakuacha kitabu, aliacha santuri. Kumsoma bila kumsikiliza ni kumchambua Shaaban Robert na kudhani kwamba aliyechambuliwa ni Siti.

Yanayohitajika si makubwa. Kiambatisho cha tasnifu kinaweza kuandamana na sauti iliyorekodiwa, ikiwa na jina la fanani (kwa idhini yake), mahali na tarehe, badala ya "mhojiwa wa saba, mwanamke, miaka 60". Kanda zilizomo katika makabati ya idara zinaweza kunakiliwa kwenye kompyuta kabla utepe haujaliwa na ukungu. Mtahini anaweza kuwachezea watahiniwa rekodi mbili za wimbo mmoja na kuwataka waeleze kilichobadilika. Simu iliyomo mfukoni mwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza inarekodi vizuri kuliko pembe iliyomnasa Bessie Smith, hivyo kisingizio cha vifaa hakipo tena. Mhadhiri wa fasihi simulizi angeweza kuanza na juma la kwanza la muhula ujao: dakika tatu za Bessie, dakika tatu za Siti, kisha mazungumzo ya darasa, na karatasi yenye maneno igawiwe mwisho.